Kikombe cha Wazee

Nianze na kinachoniudhi, maana nikikiacha mwisho nitakuwa nimechoka na nyinyi mtadhani nimesamehe. Siku mbili baada ya kuniaga, nilirudi kibandani kuchukua kitambaa changu cha kuchujia nilichokuwa nimekisahau. Nyuma ya mlango nikakuta chupa imejaa, imefungwa vizuri, na karatasi imeandikwa "ya bazee". Nikaifungua, nikanusa. Pua yangu imechoka, na hiyo ndiyo sababu nimewaachia kazi, lakini haijachoka kiasi hicho. Ilikuwa kanyanga ile inayotoka mwanzo. Nikaimwaga mferejini. Faida, aliyekuwa ameijaza, akanuna mpaka jioni, kisha akaniambia, "Mama Neema, ile ilikuwa heshima ya bantu, haikuwa ya kutupa."

Basi nimekaa chini na daftari. Mtasoma heshima hiyo imetoka wapi na imekula nini. Habari za nani alipewa uenyekiti wa kikundi mwaka gani, na nani alisimama karibu na wageni kwenye picha, hamtazikuta hapa. Wenye nazo wanazikumbuka bila msaada wangu.

Kwa atakayesoma hii bila kutujua: sisi ni wanawake saba wa Kitshanga, tunatengeneza likeri ya matunda nyumbani. Tunaanza na kanyanga, pombe kali inayotokana na kasiksi, yaani pombe nyepesi ya ndizi. Kasiksi inachemshwa kwenye pipa lililofunikwa, mvuke unapita kwenye mrija wa shaba uliolala ndani ya maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili ndicho kanyanga. Ndani yake tunalaza matunda wiki kadhaa, tunachuja, tunatia maji ya sukari, tunaacha itulie. Watu wanaipeleka kwenye mahari, ubatizo na sherehe za mapadri. Wageni wakija na kamera zao husema, "Ah, kumbe ni kazi ya jikoni." Mimi huwauliza kama kazi ya daktari wa upasuaji ni kazi ya visu.

Niliolewa Kalembe nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba mkwe wangu, Papa Petro, alikuwa mlimaji wa maharage na mihogo kwenye mlima unaotazama bonde, na mama mkwe alikuwa anapika kanyanga kando ya kijito. Juma langu la kwanza kwao aliniita nimsaidie. Niliwasha moto, nikakanda udongo wa kuziba mfuniko wa pipa ili mvuke usitoroke, nikakaa kusubiri. Mrija ulipoanza kudondosha, mama mkwe akatega kikombe cha bati chenye mdomo wa buluu. Kilipojaa akanipa.

"Hii ya kwanza njo ya Papa," akasema. "Peleka na mikono mbili, upige goti. Na usimwange hata kiloko."

Nilipeleka kwa mikono miwili, nikapiga goti. Kikombe kilinuka kama verni ya kucha, harufu ilinipanda mpaka nyuma ya macho, nami nikageuza uso pembeni, adabu ikiniruhusu. Papa Petro alikunywa yote bila kupumzika. Machozi yakamtoka. Akasema, "Aksanti, mutoto yangu. Iko nguvu." Watu wote uani wakacheka kwa furaha, nami nikacheka nao.

Sasa mjue fikra ilikuwaje, maana haikuwa ya kijinga. Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Asali ya kwanza kutoka mzinga mpya ni ya mzee, maharage ya kwanza ya msimu ni ya mzee. Kwa nini kanyanga iwe tofauti? Tena ile ya kwanza ndiyo kali kuliko zote. Ukiimwagia kidogo motoni inaruka. Nani ampe mzee ya pili, iliyopoa, ya watu wa kawaida? Ukifanya hivyo mlima mzima utajua kabla jua halijazama kwamba mke wa mtoto wa Petro hana malezi.

Kwa hiyo nilibeba. Tulipika kila juma, wakati mwingine mara mbili, na kila mara kikombe cha kwanza kilipita mikononi mwangu. Nilizaa Neema, nikabeba kikombe naye akiwa mgongoni.

Papa Petro alikuwa na macho ambayo watu waliyasimulia. Akikaa mbele ya nyumba aliweza kukuambia ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde ni wa nani, na kama anachechemea alikuambia ni mguu gani. Kisha ikafika msimu mmoja akaanza kuniuliza mimi. "Mama Neema, ile ngombe iko ya nani?" Nilidhani ananitania. Msimu uliofuata aliuliza kama kuna ng'ombe. Baadaye akaacha kuuliza, akawa anakaa akitazama bonde kama mtu anayetazama blanketi.

Wengine walisema ni uzee, na hakuwa mzee kiasi hicho. Wengine wakasema amelogwa. Walimshuku mjane jirani ambaye mbuzi wake walikuwa wamekula mihogo yetu, wakaacha kumsalimia, mpaka mwanamke yule akahama na mbuzi wake. Nikimkumbuka mjane yule damu inanichemka hata leo. Tulimfukuza mtu kwa uchawi, na huku sumu tunaibeba wenyewe kwa magoti, mbele ya watu, tena tunashukuriwa.

Kukimbia kwetu vita kwa mara ya kwanza sitawaeleza sana, kila mmoja wenu ana kwake. Mume wangu Josefu, mimi na watoto tulifika Kitshanga. Wazazi wake walikataa kuacha shamba, wakabaki Kalembe na mtoto wao mwingine. Kitshanga nilitafuta kazi niijuayo, watu wakanielekeza kwa Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa mjane mwembamba, mchache wa maneno, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi jikoni kwa mzungu mmoja mwenye ng'ombe huko milimani. Huko ndiko alikojifunza kulaza matunda katika pombe kali. Nyumbani kwake kulikuwa na rafu tatu za bokali, yaani mitungi mipana ya kioo, zimefunikwa na nguo nyeusi, na hakuna aliyeruhusiwa kuinua nguo hiyo bila kunawa mikono. Siku yangu ya kwanza alinipa mrija niusimamie. Ilipoanza kudondoka nikategesha kikombe, kilipojaa nikasimama nacho kwa mikono miwili na kuangalia huku na huku.

"Unapeleka wapi?" akaniuliza.

"Ya kwanza, Mama. Iko ya bazee. Muzee wa hapa njo nani?"

"Mwanga chini," akasema, akionyesha mfereji.

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia tena kwamba iko ya bazee.

Mama Sifa aliinuka, akanishika kiganja, akachovya kidole kikombeni na kunipaka, akasugua mpaka kikauka. "Nusa," akasema. Nikanusa ile verni. Akaniangalia usoni. "Bazee bamekukosea nini?"

Mimi sijasoma kemia na sitajidai hapa. Aliniambia tu yale aliyoyaona: kwamba kinachotoka mwanzo ni kibaya kuliko vyote, kwamba kinaumiza kichwa na macho, kwamba jikoni kwa mzungu wake kilitumika kusafishia vioo vya madirisha. Nilikwenda kumuuliza muuguzi wa kituo cha afya kuhusu baba mkwe. Muuguzi hakuapa kwamba ni kanyanga iliyofanya vile, alisema hajamwona mgonjwa. Lakini alisema amekutana na wengine ambao macho yao yalikwenda hivyohivyo, polepole, na kwamba kama mzee anakunywa ile ya mwanzo basi aache leo, asingoje kesho, ili kama kuna mwanga uliobaki ubaki.

Nilitoka pale nimejaa hasira na nina haraka. Nikatuma ujumbe Kalembe. Wa kwanza kuubeba alikuwa shemeji yangu aliyekuja sokoni: alirudi akasema wote wazima, wananisalimia. Nikamuuliza kama alimwambia Papa. Akatazama viatu vyake. Wa pili alikuwa katekista, mtu wa kusema mbele ya kanisa lililojaa, alisema alimwombea. Wa tatu dereva wa pikipiki, na huyo angalau alisema ukweli: "Mama, nitaanza namna gani kumwambia muzee kama heshima yake iko sumu? Mi niko na mama yangu kule."

Sasa niseme langu, maana nikiwashtaki hao watatu na kujiacha mimi nitakuwa mwongo. Barabara ilipotulia nilikwenda mwenyewe wakati wa kuvuna maharage. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilifika, uani kumejaa ndugu, mama mkwe alikuwa kwenye mrija, akafurahi kuniona, akaniwekea kikombe mikononi kabla sijashusha mzigo. Watu wote wakageuka kunitazama, mke wa mtoto aliyerudi. Papa Petro alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuelekea sauti yangu. Nilikuwa najua. Nikapiga goti, nikampa. Akanywa, akasema, "Aksanti, mutoto yangu."

Sikulala vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo, na sistahili pole.

Nilichofanya ni kurudi Kitshanga na kujifunza likeri kwa ukali. Niliwaza hivi: kama mzee lazima apewe kitu cha kwanza, basi apewe kingine. Apewe gilasi ya kwanza kutoka bokali iliyokomaa, ya rangi nzuri, ambayo kila mtu uani ataiona na kuitamani. Hapo heshima itabaki na macho yatabaki. Mama Sifa alinisikiliza, akasema wazo si baya kwa mtu wa Kalembe.

Kwa hiyo alinifundisha, na nyinyi mnayajua haya lakini mnayafanya kwa mkato, niwakumbushe. Marakuja, yale matunda ya pasheni, yachukuliwe yakiwa yamekunjamana ngozi. Laini na ya kung'aa ni ya kupendeza macho tu, hayajaiva. Nyama na mbegu viingie pamoja, ila mbegu zisipondwe, ukiziponda uchungu wake hautoki hata kwa sukari ya gunia. Ndimu imenywe nyembamba, ganda la kijani tu. Ukichukua na ile nyeupe ya chini utakuwa umetengeneza dawa ya minyoo. Prune, zile nyanya nyekundu za mti zenye maji kama damu, zichovywe kwanza katika maji ya moto zivuliwe ngozi. Nanasi zetu tunaletewa kutoka upande wa Walikale, za Mpofi ndizo bora, ndogo na zenye harufu. Zikatwe vipande virefu, zisikae zaidi ya wiki mbili, baadaye zinaanza kunuka kama kitanda cha hospitali. Bokali iwe ya kioo. Bido, dumu la plastiki, haingii katika kazi hii, hata kama imeoshwa mara kumi, hata kama mwenye nayo ni dada yako. Sukari ichemshwe na maji, ipoe kabisa. Aliyetia ya moto mwaka ule bokali ikapasuka mapajani mwake anajijua.

Na kubwa kuliko yote: tunda lisitumike kuficha kanyanga mbaya. Hapa ndipo watu wengi wanapofanya dhambi. Wanachukua ile ya mwanzo, ambayo mdomo wenyewe ungeikataa, wanailaza na nanasi na sukari, mdomo unadanganyika, mtu anakunywa gilasi tatu za kitu ambacho peke yake asingemaliza hata moja. Anayefanya hivyo na kuita kazi yake likeri ningependa nimwone uso kwa uso. Kwa Mama Sifa kila tone lilisuguliwa kiganjani na kunuswa kabla ya kukutana na tunda, na mimi nimefanya hivyo mpaka pua iliponikataa. Pua ikikukataa unaondoka, hungoji mpaka umdhuru mtu.

Mama Sifa alipofariki nikabaki na bokali zake, na kazi ikakua. Nitawaambia siku yangu mbaya kuliko zote, maana mnaisikia vibaya kutoka kwa wengine. Familia moja ya Mpofi ilituita tupike kwao siku ya mahari, walitaka pombe itoke mbele ya wageni, kila mtu aone haijatiwa kitu. Mnajua watu wetu: chupa isiyofunguliwa mbele ya macho yao hawaigusi. Tulifunga pipa uani. Mjomba wa msichana, mzee mwenye kofia na fimbo, alikuwa amewekewa kiti mbele kabisa, karibu na mrija, akisubiri chake. Ya kwanza ikajaa kikombe. Nami, kwa kujiamini kwangu kote, nikaimwaga chini, pale mbele ya miguu yake.

Mzee akasimama polepole. "Nani njo amekufa hapa?" akauliza.

Sikuelewa haraka. Kisha nikaelewa. Kinywaji kinachomwagwa ardhini ni cha marehemu. Sote uwanjani tulikuwa Wakristo, mjomba mwenyewe alikuwa na rozari shingoni, na mtu yeyote angekuambia mambo ya mababu tuliyaacha zamani. Lakini nilikuwa nimechukua kikombe cha mzee aliye hai na kuwapa waliokufa, mbele ya wakwe.

"Miye ningali napumua, Mama," akasema. "Ao nyinyi munajua kitu nisichokijua?"

Nilianza kueleza habari za macho. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa pia nasema kwamba familia ile huwapa wazee wake sumu. Mjomba aliondoka, ndugu zake wakamfuata, mahari ikavunjika siku ile. Bibi harusi alilia akinitazama mimi. Ilinibidi nirudi juma lililofuata na kuku na kupiga magoti, na harusi ikafungwa baadaye kwa neema ya mjomba. Chupa yangu ya marakuja waliipokea wakaiita juisi ya wanawake.

Tangu siku hiyo nikawa namwaga kwa siri. Nilikuwa nachukua kikombe kama napeleka mahali, nazunguka nyuma ya nyumba, namwaga mferejini, narudi na gilasi ya likeri kwa mzee na tabasamu. Nyinyi mliokuja baadaye ndivyo mlivyonikuta, na ndiyo maana hamjui. Hilo ni kosa langu. Niliogopa kusema jambo, nikawafundisha kulificha, na jambo linalofichwa mtu mwingine analikuta analiona la bure, analijaza kwenye chupa na kuandika "ya bazee".

Kisha Kalembe ikashindikana kabisa kukaa, na Papa Petro akaletwa kwetu Kitshanga kwa pikipiki, kati ya dereva na yule mtoto wake aliyebaki naye. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Mzee alikuwa mwepesi, Josefu alimnyanyua peke yake. Tulimweka kwenye chumba chenye bokali, hatukuwa na kingine. Asubuhi ya kwanza nilipofungua mlango na kuinua nguo nyeusi ili nikoroge, jua likapiga rafu.

"Ile ya manjano iko nini?" akauliza.

"Unaiona, Papa?"

"Naona manjano. Na mulango naona, iko nyeupe. Bantu hapana."

Nilisimama na kijiko mkononi. Yule muuguzi alikuwa amesema kama kuna mwanga uliobaki, na huu ndio ulikuwa umebaki: mlango na bokali ya marakuja. Nikaapa moyoni kwamba huo hatamnyang'anya mtu.

Jumapili ya pili nilirudi kutoka misa nikakuta uani watu wa Kalembe wanaoishi kambi ya wakimbizi. Walikuwa wamekuja kumsalimia mzee wao, na walikuwa wamembebea kikombe. Nilifika akiwa amekwisha kukimaliza, machozi yanamtoka, wote wanacheka kwa furaha. Josefu alikuwa anacheka nao. Wageni walipoondoka nilimjia juu mume wangu.

"Unataka baseme baba yangu anakaa hapa sawa yatima?" akaniambia. "Hana shamba, hana nyumba. Heshima njo kitu inabakia kwake. Na hiyo pia unataka kumunyanganya?"

"Anabakia na mulango na bokali moja, Josefu. Hiyo njo inabakia."

Akatoka. Basi nikaingia chumbani kwa Papa Petro, nikakaa chini kwenye mkeka, na baada ya miaka yote ile nikasema maneno niliyoyapanga njiani kwenda Kalembe.

"Papa, ile ya kwanza njo inakula macho yako."

"Najua," akasema.

Nilidhani hajanisikia. Nikarudia.

"Mutoto yangu, najua. Baba yangu pia alikunywaka, na yeye pia alikufa bila macho." Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kushika jembe. "Ile ya kwanza iko mubaya. Njo maana inakunywaka muzee. Kijana akiikunywa, nani atalima? Nani atachunga batoto? Miye nilishaona ile nilikuwa nafaa kuona. Ni kazi ya muzee kuikunywa, ili isikunywe mwingine."

Hasira niliyoisikia pale sijaisikia tena, na sikujua nimwelekezee nani. Nilikuwa nimemhurumia kama mtu asiyejua. Kumbe alikuwa anajua kuliko sisi sote, anakunywa kila juma kwa niaba yetu, na anashukuru kwa magoti yangu. Sisi tulidhani tunampa heshima, yeye alidhani anatukinga, na katikati ya adabu hiyo yote kikombe kikawa kinapita.

Jumanne ilikuwa siku ya kupika. Nilimtoa nje, nikamwekea kigoda karibu na mrija, wanawake wenzangu wa wakati ule, kabla yenu, wakinitazama kama nimepandwa na kitu. Majirani wa Kalembe walikuwepo pia, niliwaita mwenyewe. Sikuzunguka nyuma ya nyumba. Kikombe kilipojaa nilikiinua, nikasimama mbele yake, nikamwaga polepole kwenye udongo ulio kati ya miguu yake na yangu, ili asikie.

Aligeuza kichwa. "Nini njo inamwangika?"

"Kikombe yako, Papa."

Nilisubiri aulize ni nani aliyekufa. Papa Petro aliinama, akapapasa udongo mpaka akapata palipolowa, akanusa vidole vyake.

"Kumbe inamwangikaka?" akauliza.

"Inamwangikaka, Papa. Siye tunamwangaka kila siku."

"Na hakuna muntu anaikunywa nyuma?"

"Hakuna."

Alipangusa vidole kwenye suruali yake. Uso wake niliujua miaka mingi, lakini sikuwahi kuuona hivyo. Akainua kichwa kunitafuta mahali sauti yangu ilipotoka.

"Sasa, kama inamwangikaka, juu ya nini mulikuwa munaniletea?"

Mrija ulikuwa umeanza kutoa ya pili, nikainama kutega bokali.